Kundi Gani la Wateja Linakulipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Biashara Ndogo

Maswali haya naulizwa karibu kila ninapokaa na mwenye biashara kumsaidia kupanga daftari lake. Nimeyajibu kwa mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: bekari ndogo ya Tabata, Dar es Salaam, yenye oveni moja, inayofanya kazi siku 26 kwa mwezi. Tarakimu za mfano nimezipanga ziwe rahisi kukokotoa. Wewe weka zako.

## Mwanzo

1. Kundi la wateja ni nini hasa? Mimi namuuzia yeyote anayekuja.

Kundi ni wateja wanaokugharimu kwa namna moja. Sisemi wanaofanana umri au kipato, nasema wanaofanana katika jinsi wanavyonunua, wanavyolipa na wanavyohudumiwa. Bekari yetu ina makundi manne. Wapo wanaonunua dirishani mkate mmoja au miwili na kulipa papo hapo. Yapo maduka ya mtaani yanayopelekewa kwa bei ya jumla. Zipo shule na ofisi zinazoagiza kwa oda na kulipa baadaye. Na wapo wa keki za sherehe: kipaimara, harusi, siku ya kuzaliwa.

Mkate ni ule ule, umetoka oveni ile ile. Lakini mkate wa dirishani na mkate uliopanda pikipiki mpaka Kinyerezi haukuachii pesa sawa.

2. Mauzo yangu yanapanda kila mwezi. Kuna haja gani ya hesabu hizi?

Kwa sababu mauzo yanaweza kupanda na wewe ukazidi kukaukiwa. Hali hii nimeiona mara nyingi kuliko ninavyopenda: mtu anauza zaidi ya mwaka jana, anaamka mapema zaidi, lakini ikifika siku ya kununua unga anakopa. Chanzo mara nyingi ni kwamba ongezeko lote limetoka kwenye kundi linalokula kila linacholeta. Jumla ya mwezi haiwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa faida ya kundi moja inafunika tundu la jingine.

3. Niwe na makundi mangapi?

Matatu hadi matano. Yakizidi hapo hutaweza kuyafuatilia kwa daftari, na utaacha kabla mwezi haujaisha. Usianze na makundi ya kwenye vitabu vya biashara. Jiulize: ni wateja gani nikiwafikiria pamoja najua watanisumbua kwa jambo lile lile? Hilo ni kundi.

## Kukusanya tarakimu

4. Sina kompyuta. Nitajuaje nani kanunua nini?

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la shilingi elfu mbili linatosha. Piga mistari ufanye safu nne, moja kwa kila kundi, na kila mauzo yaandikwe kwenye safu yake. Dirishani si lazima kuandika kila mkate: hesabu iliyotoka asubuhi, toa iliyobaki jioni.

Ukiwa na mashine ya EFD, yaani ile ya kutolea risiti za kielektroniki, ripoti ya Z inayotoka mwisho wa siku itakupa jumla ya siku, wala haitakuambia nani alikuwa nani. Itumie kuhakikisha kwamba safu zako zikijumlishwa hazipishani na mauzo halisi. Kwenye malipo ya simu, baadhi ya watu hufungua lipa namba mbili, moja ya dirishani na nyingine ya oda, na kazi ya kutenganisha inakuwa imejifanya yenyewe. Mimi naipenda njia hiyo.

Andika kwa mwezi mmoja kamili kabla hujakata shauri lolote. Wiki moja haitoshi, kwa sababu wiki ya mshahara na wiki ya tarehe 20 hazifanani.

5. Gharama zipi naziweka kwenye kundi, na zipi naziacha nje?

Tenga mafungu matatu.

La kwanza ni gharama za bidhaa yenyewe: unga wa ngano, sukari, mafuta, hamira, gesi, mifuko. Hizi zinafuata kila mkate.

La pili ni gharama za kumhudumia mteja, na hapa ndipo wengi wanapopotelea. Mafuta ya pikipiki, mshahara wa msambazaji, mikate inayorudi, deni lisilolipika, makato ya miamala, muda wa kupiga simu kufuatilia oda, keki iliyorudiwa kwa sababu jina limeandikwa vibaya. Kipimo ni hiki: kundi hili lisingekuwepo, gharama hii ingekuwepo? Kama isingekuwepo, ni yake.

La tatu ni gharama za pamoja: kodi ya fremu, mlinzi, mshahara wa mwokaji, taa. Hizo zinabaki hata kundi moja likiondoka. Zisogeze pembeni, sababu iko kwenye swali la 8.

6. Mimi mwenyewe sijilipi. Muda wangu nao ni gharama?

Ni gharama, tena kubwa. Kama wewe ndiye unayepamba keki mpaka saa sita usiku, andika kiasi ambacho ungemlipa mpambaji wa kukodi. Usipofanya hivyo, kundi la keki litaonekana linang'aa kumbe limesimama juu ya usingizi wako. Biashara ya namna hiyo siku ukiugua inasimama.

## Hesabu yenyewe

7. Nionyeshe hesabu nzima.

Mkate dirishani ni shilingi 1,250, kwa maduka 1,000, na gharama za kuutengeneza ni 750. Mwezi mmoja unakuwa hivi, kwa shilingi:

| Kundi | Mauzo | Gharama za bidhaa | Gharama za kuhudumia | Kinachobaki |
|---|---|---|---|---|
| Dirishani | 3,000,000 | 1,800,000 | 300,000 | 900,000 |
| Maduka | 6,000,000 | 4,500,000 | 1,250,000 | 250,000 |
| Shule na ofisi | 2,500,000 | 1,600,000 | 350,000 | 550,000 |
| Keki | 1,500,000 | 700,000 | 500,000 | 300,000 |
| Jumla | 13,000,000 | 8,600,000 | 2,400,000 | 2,000,000 |

Kinachobaki naita mchango, kwa maana ndicho kundi linachochangia kulipa gharama za pamoja. Gharama za pamoja hapa ni 1,200,000, kwa hiyo faida ya mwezi ni 800,000.

Ile 1,250,000 ya maduka imetoka wapi? Usafiri 20,000 kwa siku, yaani 520,000 kwa mwezi. Msambazaji 250,000. Mikate iliyorudi 360,000. Madeni yaliyopotea 120,000.

Sasa gawa kwa mkate. Dirishani mikate 2,400 imeacha 900,000, sawa na shilingi 375 kwa mkate. Madukani mikate 6,000 imeacha 250,000, kama shilingi 42 kwa mkate. Mwenye bekari huyu akiulizwa mteja wake mkubwa ni nani atajibu "maduka" bila kusita, na kwa mauzo hajakosea. Lakini mkate mmoja dirishani unamfaa karibu mara tisa ya mkate wa dukani.

8. Kwa nini hukugawa kodi ya fremu kwa kila kundi? Mhasibu wangu huigawa.

Kwa kufunga mahesabu ya mwaka, agawe. Kwa kuamua kundi gani ulikuze na lipi ulipunguze, mgawo huo unapotosha.

Jaribu uone. Maduka yana karibu nusu ya mauzo, 6 kati ya 13. Ukigawa ile 1,200,000 kwa uwiano wa mauzo, maduka yanabebeshwa kama 554,000, na mchango wao wa 250,000 unageuka hasara ya takriban 304,000. Unashtuka, unayafuta maduka yote. Mwezi unaofuata kodi ya fremu ni ile ile, mlinzi ni yule yule, na 250,000 za maduka hazipo. Faida imeshuka kutoka 800,000 hadi 550,000. Umekata kundi lenye "hasara" na umezidi kuwa maskini.

9. Mikate inayorudi naihesabuje? Si naigawa tu kwa watoto?

Simama mlangoni msambazaji anaporudi jioni. Alfajiri aliondoka na makreti kumi yamejaa. Sasa kreti la chini kabisa lina mikate kumi na minane: mmoja mfuko umechanika, mingine miwili imebonyezwa na kreti la soda, iliyobaki ni mizima ila ni ya juzi na upande wa chini imeanza kuwa na unyevu. Mwenye duka hajaidhulumu bekari. Makubaliano ni kwamba isiyouzika inarudi.

Mikate hiyo, kumi na minane au kumi na tisa kwa siku, inafika 480 kwa mwezi. Kila mmoja umekula shilingi 750, jumla 360,000. Ihesabu kwa gharama ya kuitengeneza, usitumie bei ya kuuza, na iandike kwenye kundi la maduka peke yake. Watoto wakila ni jambo jema, lakini unga umeshalipiwa.

10. Nawapa watu mali kauli na wanalipa vizuri, ila wanachelewa. Kuna gharama hapo?

Ipo. Shule na ofisi za mfano wetu zinalipa baada ya siku 60. Kwa mauzo ya 2,500,000 kwa mwezi, maana yake wakati wowote wanakushikia 5,000,000. Hela hiyo ingekuwa kwako ungenunua unga kwa mifuko mingi na kupunguziwa bei, au usingekopa. Kama mkopo unakugharimu asilimia 3 kwa mwezi, kuwasubiri kunakula 150,000 kila mwezi. Nimeiweka kwenye jedwali. 200,000 iliyobaki ni usafiri.

Hata hivyo kundi hili limebaki zuri. Kuchelewa si ubaya wenyewe, ubaya ni kuchelewa kusikohesabiwa. Anayechelewa kwa bei nzuri na asiyerudisha mkate anaweza kukufaa kuliko anayelipa taslimu huku akikubana bei.

11. Oveni yangu imejaa muda wote. Nitumie kipimo gani?

Kama kuna kitu kimoja kinachokubana, pima mchango kwa kila kipande cha kitu hicho. Hapa ni saa za oveni: saa 10 kwa siku, 260 kwa mwezi. Dirishani inatumia saa 55, maduka 140, shule na ofisi 40, keki 25.

Saa moja ya oveni kwa dirishani inaacha kama 16,400. Shule na ofisi 13,750. Keki 12,000. Maduka kama 1,800.

Hizi ndizo tarakimu ningekuomba ubandike ukutani kuliko nyingine zozote. Zaidi ya nusu ya maisha ya oveni inakwenda kwa kundi linalolipa sehemu ya tisa ya dirisha. Oveni yako ikiwa na nafasi, kipimo hiki hakina uzito. Rudi kwenye mchango wa kawaida wa swali la 7.

12. Ni kweli wateja wachache ndio wanaobeba biashara yote?

Mara nyingi ni kweli, na hali inaweza kuwa kali kuliko ule usemi wa 80 kwa 20, kwamba asilimia 20 ya wateja huleta asilimia 80 ya faida. Mfano unaotajwa sana ni wa Kanthal, kampuni ya Sweden inayotengeneza nyaya za kupasha joto. Katika miaka ya 1980 ilikokotoa faida ya kila mteja ikiwa na gharama za kumhudumia, na ikakuta asilimia 20 ya wateja wameleta asilimia 225 ya faida. Asilimia 70 walikuwa karibu na sifuri. Asilimia 10 waliobaki waliipotezea kampuni asilimia 125 ya faida hiyo. Na baadhi ya waliopoteza zaidi walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa kampuni.

Kilichowageuza kuwa hasara ni oda ndogondogo nyingi na bidhaa zisizokuwepo ghalani. Mwenye bekari anayepelekea duka mikate mitano mara mbili kwa siku yuko kwenye shimo hilo hilo.

## Kuamua

13. Kundi limeonekana baya. Nilifute?

Kabla ya kulifuta, lipasue. Ndani ya kundi baya huwa kuna wazuri waliofunikwa.

Tuseme maduka ni 30, na 9 kati yake yako mbali, upande wa Kinyerezi. Hayo 9 yananunua mikate 1,200 kwa mwezi. Kila mkate unaacha 250 kabla ya kuhudumia, jumla 300,000. Lakini safari yao inakula nusu ya usafiri, 260,000, na mikate 200 inayorudi ni yao, 150,000. Yanapoteza 110,000 hata kabla ya madeni. Ukiyaacha hayo tisa, mchango wa maduka unapanda kutoka 250,000 hadi 360,000, na oveni imepumua.

Kufuta kundi zima kuna maana pale tu saa zilizoachwa zina mnunuzi wa kweli. Saa 20 za oveni zikipata kazi ya shule na ofisi zinaleta 275,000, zaidi ya maduka yote thelathini. Ila oda hizo uwe nazo mkononi, zimeandikwa. Ahadi ya mwalimu mkuu kwamba "tutaona muhula ujao" haijalipa mtu.

14. Nikipandisha bei si watanikimbia?

Baadhi watakimbia, kwa hiyo hesabu ni wangapi unaweza kuwapoteza bila kuumia. Mkate wa jumla ukitoka 1,000 hadi 1,050, unachobakiza kwa mkate kabla ya kuhudumia kinatoka 250 hadi 300. Zamani mikate 6,000 ilileta 1,500,000. Sasa mikate 5,000 inatosha kuleta kiasi kile kile. Unaweza kupoteza mkate mmoja katika kila sita na mfuko usijue.

Kabla ya kugusa bei, mimi ningeanza na masharti, kwa kuwa wenye maduka huyapokea kwa urahisi zaidi: safari moja kwa siku badala ya mbili, kiwango cha chini cha mikate 10, na hakuna kurudisha zaidi ya mmoja katika ishirini. Anayekubali kutorudisha kabisa mpunguzie shilingi 20. Mwambie ana kwa ana, wala usimtumie ujumbe.

## Hali zenye utata

15. Mteja mmoja yuko kwenye makundi mawili. Nimweke wapi?

Pangilia manunuzi badala ya mtu. Mkate wake wa asubuhi uandike dirishani, keki ya mwanawe iandike kwenye keki. Lakini jambo moja lifuatilie: wateja wa keki walikujuaje? Ukiuliza kwa mwezi mzima ukakuta wengi walianza kwa kununua mkate dirishani, basi dirisha lina thamani kuliko linavyoonyesha kwenye jedwali, na kulifunga kungeua keki pia.

16. Biashara yangu ina misimu. Mwezi upi ni wa kweli?

Hakuna. Shule zikifungwa Juni na Desemba kundi la oda linalala. Ramadhani dirisha la asubuhi linapoa, kisha jioni foleni inakuwa ndefu kabla ya futari. Desemba keki zinajaa. Linganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliopita, na kwa Ramadhani fuata Ramadhani na Ramadhani, maana kila mwaka inasogea nyuma kwa takriban siku 11.

17. Bei ya unga imepanda katikati ya mwezi.

Tumia bei utakayonunulia mfuko ujao, hata kama wa zamani bado uko stoo. Gharama ya mkate ikitoka 750 hadi 800, kundi linaloumia zaidi ni maduka: mikate 6,000 mara 50 ni 300,000, na mchango wao wote ulikuwa 250,000. Dirisha litatikisika tu. Kundi lenye mchango mwembamba ndilo la kwanza kuongea naye kuhusu bei.

18. Ndugu, majirani na watu wa msikitini au kanisani niwaweke kundi gani?

Lao peke yao. Mikate ya shangazi ukiichanganya na dirisha, dirisha litaonekana bovu bila kosa. Andika safu ya tano, "ukarimu". Sikuambii uache kutoa. Nakuomba ujue unatoa kiasi gani ili utoe kwa kupenda, na mwezi mgumu uweze kumwambia shangazi ukweli.

19. Mteja mmoja tu ni nusu ya kundi zima. Nifanyeje?

Mfanyie jedwali lake mwenyewe, halafu piga hesabu nyingine ukimwondoa. Kundi la shule na ofisi likibaki na mchango mzuri bila yeye, uko salama. Likianguka, huna kundi, una mteja mmoja, na siku akibadilisha mzabuni utajua kwa simu ya dakika mbili. Deni unalomvumilia lisizidi unga unaoweza kununua bila yeye.

20. Mimi si mwokaji, nina saluni au cherehani. Hesabu hii inanihusu?

Inakuhusu, badilisha oveni tu. Saluni, oveni yako ni kiti na mikono ya msusi. Anayesukwa saa sita kwa 40,000 na anayeoshwa na kukaushwa nywele dakika arobaini kwa 10,000 wapime kwa saa: wa kwanza kama 6,700, wa pili 15,000, kabla ya dawa na rasta. Fundi cherehani, weka sare za shule upande mmoja na magauni ya harusi upande mwingine, uhesabu na mara ambazo bi harusi anarudi kupunguziwa kiuno. Kila kurudi ni saa ya cherehani, na saa hiyo iandike kwenye safu ya harusi.